Buibui Akikuuma: Mwongozo wa Kutumia Mitishamba bila Kujidhuru

Kila msimu wa mahindi, watu wanapoanza kupanga magunia ghalani na kusogeza kuni zilizokaa miezi bila kuguswa, swali lilelile hunifikia hapa Busia, Uganda, mara kwa simu, mara mwenye swali akiwa mlangoni ameushika mkono wake: "Buibui ameniuma, nipake jani gani?" Nikiwa mhudumu wa afya wa kujitolea kijijini, nimelijibu mara nyingi mno kwa mdomo. Jibu lenyewe lina hatua kadhaa, na mtu mwenye maumivu hazikumbuki zote, kwa hiyo nimeona niliandike ulisome kabla siku hiyo haijakufika.

Nianze na jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia. Hakuna jani, mzizi wala gome ambalo limethibitishwa kuiondoa sumu ya buibui ikishaingia mwilini. Kazi ambayo mitishamba inaweza kuifanya ni ndogo lakini ni ya kweli, nayo ni kutuliza ngozi inayowasha na kuwaka, baada ya jeraha kusafishwa na baada ya kuhakikisha kwamba mgonjwa hana dalili za hatari. Simwandikii msomaji haya kwa kudharau dawa zetu, kwani bibi yangu aliyenilea alitibu nusu ya kijiji kwa majani. Uganda ina sheria inayoitambua tiba asili tangu mwaka 2019, na Wizara ya Afya ina taasisi yake ya kuchunguza dawa za mimea pale Wandegeya, Kampala. Hata hivyo, sheria kuitambua tiba hakulifanyi kila jani kuwa dawa ya kila sumu.

Unaumwa na nani hasa?

Buibui karibu wote wana sumu, lakini wengi wao sumu yao ni ya kuulia inzi na mende, na meno yao hayawezi hata kupenya ngozi ya binadamu. Yule bapa mwenye miguu mirefu anayekimbia ukutani usiku ukiwasha taa, ambaye watoto humwogopa kuliko wote, hana neno. Mwache ale mende.

Anayestahili tahadhari ni mdogo kuliko unavyodhani. Geuza kiti cha plastiki kilichokaa nje ya nyumba muda mrefu, uchungulie pembe ya chini pale mguu unapoungana na kikalio. Ukiona utando uliovurugika usio na umbo, na ndani yake kimpira cha rangi ya maziwa chenye vijimiiba pande zote, mfano wa tunda changa la mbarika, basi hicho ni kifuko cha mayai cha buibui anayeitwa kitaalamu Latrodectus geometricus. Mwenyewe ni wa kahawia, mwili wake ni kama punje ya njegere, na chini ya tumbo ana alama ya rangi ya chungwa au nyekundu iliyobanwa katikati. Hupenda pia chini ya madebe, ndani ya buti za mpira na kwenye pembe za choo cha shimo. Ni mwoga, na huuma pale anapobanwa kati ya ngozi na kitu kingine. Kwa kawaida huleta maumivu ya mahali palepale tu, ingawa katika jamii hiyohiyo wako weusi ambao sumu yao hukamata misuli ya mwili mzima.

Wa pili ni wa jamii ya Loxosceles, mwenye rangi ya mchanga, ajifichaye kwenye nyufa na nguo zilizorundikwa. Huyu anaweza kukuuma usijue, kwa kuwa maumivu huanza saa kadhaa baadaye, na mara chache ngozi hufa na kuacha kidonda. Wale wakubwa wenye manyoya wanaoishi kwenye mashimo ardhini huuma kwa uchungu mkali, lakini uchungu huo ndio aghalabu mwanzo na mwisho wa habari yao.

Kabla ya kumlaumu buibui, jiulize kama si yule mdudu mwembamba mwenye rangi nyekundu na nyeusi aitwaye Nairobi flai, anayefurika kwenye taa wakati wa mvua. Huyo haumi wala hachomi. Ukimsaga juu ya ngozi, majimaji yake huunguza, na kesho yake unaamka na mstari mwekundu wenye malengelenge. Mstari ndio unaomtambulisha, kwa maana buibui hachori mistari.

Vitu vya kuwa navyo

Usingoje kuumwa ndipo uvitafute. Unahitaji sabuni ya kipande, maji safi yanayotiririka au ya kumiminwa kutoka kwenye jagi, vitambaa viwili safi vilivyokauka, maji baridi au barafu kama una jirani mwenye friji, kalamu ya wino, simu yenye saa na kamera, vidonge vya parasetamoli, na mmea wa shubiri ulioupanda mwenyewe ukijua kwa hakika kwamba ndio Aloe vera. Nasisitiza uwe wako, kwa sababu porini Uganda kuna shubiri za aina nyingi zinazofanana, na si zote za kugusa ngozi yenye jeraha. Cha mwisho, weka kando nauli ya boda boda ya kukufikisha kituo cha afya usiku. Katika vitu vyote nilivyotaja, hicho ndicho ambacho wengi hukikosa.

Hatua kwa hatua

1. Ondoka mahali ulipoumwa, ukae chini, uangalie saa. Muda wa kuumwa ni habari ya kwanza ambayo mhudumu atakuuliza, na dakika thelathini baadaye hutaukumbuka sawasawa. Kama buibui ameonekana, mpige picha. Kama ameshauawa, mtie kwenye chupa hata akiwa amepondeka, lakini usipoteze muda kumwinda.

2. Vua pete, bangili, saa na kiatu upande ulioumwa kabla uvimbe haujaanza. Nimemwona kijana aliyelazimika kukatwa pete yake ya ndoa kwa msumeno, na jeraha la buibui mwenyewe lilikuwa dogo kuliko kichwa cha kiberiti.

3. Osha mahali hapo kwa sabuni na maji mengi kwa muda wa dakika tano. Usisugue kwa nguvu, wala usikamue. Hatua hii ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote zilizo katika mwongozo huu, na ndiyo ambayo watu huiruka ili wawahi jani.

4. Weka kitambaa kilicholowekwa kwenye maji baridi, au barafu iliyofungwa ndani ya kitambaa, kwa dakika kumi, kisha uondoe kwa dakika kumi, na urudie. Barafu isigusane na ngozi moja kwa moja. Kama ni mkono au mguu, uinue uwe juu kidogo ya kiwango cha moyo na usiutumie kwa kazi.

5. Chora kwa kalamu mpaka wa wekundu au uvimbe, na uandike saa pembeni mwa mstari. Kila baada ya saa moja angalia kama wekundu umevuka mstari. Ukiwa umevuka, chora mwingine. Michoro hii itamsaidia mhudumu kuliko maelezo yoyote ya mdomo.

6. Meza parasetamoli ukihitaji. Kwa mtu mzima ni kidonge kimoja au viwili vya miligramu 500, kila baada ya saa sita, na visizidi vinane kwa siku nzima. Mtoto hupewa kwa uzito wake, kama ilivyoandikwa kwenye pakiti au alivyoelekeza mhudumu. Usitumie aspirini.

7. Subiri na uangalie kwa saa mbili kamili kabla ya kupaka mmea wowote. Najua hapa ndipo subira huisha. Lakini sumu ya jamii ya Latrodectus hujionyesha kwa kawaida ndani ya muda huo, na ukiwa umeshapaka dawa tatu, hakuna atakayejua kama jasho na maumivu hayo yametokana na sumu au na dawa. Mgonjwa akionyesha dalili yoyote kati ya hizi, acha mwongozo huu na uite boda boda: misuli ya tumbo, mgongo au mapaja kukaza na kuuma, kutokwa jasho jingi bila joto, kutapika, moyo kwenda mbio, kupumua kwa shida, midomo au uso kuvimba, mkojo kuwa na rangi ya chai nzito. Mtoto mdogo, mjamzito na mzee aliyeumwa na buibui asiyejulikana apelekwe hata kama bado hana dalili. Nenda kituo cha daraja la tatu au la nne, kwa kuwa cha daraja la pili mara nyingi hufungwa jioni.

8. Saa mbili zikipita kwa amani, na ngozi ikiwa haijachanika wala kutoa malengelenge, ndipo unaweza kutumia shubiri. Kata jani nene karibu na shina, ulisimamishe ndani ya kikombe likiwa limeelekeza mkato chini kwa robo saa. Utaona utomvu wa manjano, mchungu, ukidondoka. Huo ndio unaowasha ngozi, na ndio ambao wengi huupaka wakidhani ndiyo dawa yenyewe. Umwage. Osha jani, menya ganda kwa kisu safi, suuza tena ile nyama inayong'aa kama kioo mpaka isibaki na rangi ya manjano.

9. Jaribu kwanza. Paka kidogo upande wa ndani wa mkono usioumwa na ungoje nusu saa. Pakiwasha au pakiwa pekundu, shubiri si yako, na kitambaa cha maji baridi kitakutosha.

10. Paka tabaka jembamba juu ya eneo lililoumwa, uache wazi likauke, usifunge bendeji. Rudia mara mbili au tatu kwa siku, kila mara kwa jani lililokatwa siku hiyohiyo. Lililolala kikombeni usiku kucha limeshaota vijidudu. Siku mbili au tatu zinatosha. Muwasho unaozidi hapo unataka macho ya mhudumu, si jani la nne.

Hizo ndizo hatua zote. Anayetaka kunywa kitu anaweza kunywa chai ya tangawizi kwa kiasi cha jikoni, mradi hatapiki, na aichukulie kama chai.

Mimea ninayoulizwa kila mara

Manjano ina sifa nzuri jikoni, na sina ugomvi nayo huko. Juu ya jeraha la buibui naikataa kwa sababu moja ya kiutendaji: inapaka ngozi rangi. Mhudumu anayetaka kuona kama wekundu umesambaa, au kama katikati pameanza kuwa na buluu, anakutana na mkono wa rangi ya pilau. Mkaa uliosagwa, majivu na maji ya majani mabichi huleta shida hiyohiyo. Majani ya mimea ya namirembe na kamunye, ambayo majirani zangu Waganda huyasugua kiganjani na kukamulia kila kidonda, yana historia ndefu, lakini yanachumwa kando ya njia wanapopita mbuzi, na kwenye jeraha lililo wazi yanaingia na uchafu wa hapo.

Kitunguu saumu kilichopondwa na kufungwa juu ya ngozi huunguza. Kinaacha malengelenge ambayo kesho yake yatadhaniwa kuwa kazi ya sumu. Tumbaku iliyotafunwa ni hatari zaidi, kwani nikotini hupenya kwenye jeraha na kuleta kichefuchefu, jasho na mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida, yaani dalili zilezile unazojaribu kuziangalia. Utomvu wa mnyaa, ule mmea unaopandwa kama uzio wa boma, usiuguse kabisa: unababua ngozi, na ukiingia jichoni unaweza kupofusha.

Mwarobaini nao una wafuasi wengi. Maji ya majani yake yaliyochemshwa na kupoa hayana ubaya kwa kuoshea ngozi nzima inayowasha, lakini mafuta yake mtoto asinyweshwe kamwe, kwa sababu yamewahi kuwaletea watoto degedege. Asali safi husaidia vidonda, na hospitali za nchi nyingine hutumia asali iliyosafishwa kitaalamu kwa kazi hiyo. Ile ya chupa ya sokoni hujui imechanganywa na nini, kwa hiyo iache mpaka mhudumu aliyekiona kidonda akuruhusu.

Makosa yanayogeuza jambo dogo kuwa kubwa

Mama mmoja alinijia na mtoto wa miaka sita ambaye mkono wake ulikuwa umevimba mpaka vidole havikunjiki. Alikuwa ameufunga juu ya kiwiko kwa ugwe wa mgomba tangu alfajiri, na sasa ilikuwa saa nane mchana. Nilipoufungua ugwe, alama yake ilikuwa imezama kwenye nyama. Alama ya buibui, kwenye kidole gumba, ilikuwa nukta mbili na wekundu wa ukubwa wa shilingi. Mtoto alipelekwa kituo cha afya kwa ajili ya ugwe, si kwa ajili ya buibui. Usifunge kiungo cha aliyeumwa na buibui, wala kwa kamba, wala kwa mpira wa baiskeli.

Usichanje chale. Wembe hautoi sumu, lakini unaingiza pepopunda, na ukiwa umetumika kwa mwingine unaweza kuleta virusi vya Ukimwi na homa ya ini. Usinyonye jeraha kwa mdomo. Usipake kinyesi cha ng'ombe, udongo wa kichuguu, mafuta ya taa wala maji ya betri. Jiwe jeusi la nyoka, ambalo kwa kawaida ni kipande cha mfupa uliochomwa, hunata kwenye jeraha kwa sababu linafyonza unyevu, na kunata huko ndiko kunakowapa watu imani. Sumu iliyokwisha kuingia ndani ya mwili halina njia ya kuifikia.

Kosa lingine ni la aibu. Watu huficha kwa wahudumu kwamba walianza kwa mganga, wakiogopa kukaripiwa, na pengine hofu hiyo ina sababu zake. Sema tu. Taja mmea kwa jina unalolijua, hata kama ni la Kisamia au Kiganda, na kama una tawi lake libebe. Mhudumu anayejua kwamba umekunywa mizizi ataangalia ini na figo zako mapema.

Mambo yakienda kombo

Maumivu yamezidi badala ya kupungua, na tumbo limekuwa gumu kama ubao. Hii ni dalili ya sumu ya Latrodectus, na hata madaktari wamewahi kuidhania kuwa ugonjwa wa kupasuliwa tumbo, kwa hiyo waambie mapema kwamba uliumwa na buibui. Watakupa dawa kali za maumivu na za kulegeza misuli. Kuna dawa ya kupinga sumu ya buibui weusi wa jamii hii inayotengenezwa Afrika Kusini. Ile ya nyoka haifanyi kazi kwa buibui, hivyo usimlazimishe mtu akuchome hiyo.

Katikati ya jeraha pamekuwa peupe au buluu, kisha peusi. Acha kupaka kila kitu, shubiri ikiwemo. Funika kwa kitambaa safi kikavu na uende kituoni siku hiyo. Ngozi iliyokufa isibanduliwe nyumbani.

Pana joto, pana usaha, na wekundu umevuka mistari yako ya kalamu. Hapa pameingia bakteria, na dawa yake ni antibayotiki utakazoandikiwa. Usinunue vidonge viwili viwili dukani kwa kubahatisha. Uliza pia kama chanjo yako ya pepopunda bado inafanya kazi.

Ngozi imewasha zaidi baada ya kupaka shubiri. Osha kwa maji na sabuni, usipake tena. Mara nyingi utakuta utomvu wa manjano haukutoka wote.

Una kidonda kisichouma, na hukumwona buibui yeyote. Hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko mengine yote, kwa sababu neno "buibui" limekuwa jina la kila kidonda ambacho asili yake haijulikani. Kidonda chenye gamba jeusi lisilouma, kwa mtu aliyechuna au kula mnyama aliyekufa mwenyewe, kinaweza kuwa kimeta, ambacho kiliua watu wilayani Kyotera mwaka 2023. Kivimbe kisichouma ambacho baada ya wiki kadhaa hupasuka na kuwa kidonda kipana chenye kingo zilizoliwa kwa chini kinaweza kuwa ugonjwa wa Buruli, uliopewa jina la eneo letu wenyewe kule Nakasongola, kando ya Nile, na ambao daktari Albert Cook wa hospitali ya Mengo alieleza vidonda vinavyofanana nao tangu mwaka 1897. Magonjwa yote mawili yana dawa za hospitali, na yote mawili huendelea kula mwili wakati mgonjwa akibadilisha majani. Kwa hiyo kidonda ambacho hukuona kilichokuuma, na ambacho baada ya wiki mbili hakijaanza kuziba, kipeleke kwa mhudumu pamoja na picha ulizopiga tangu siku ya kwanza, ili aone kilivyokuwa na kilivyobadilika.